Shangazi Padi Anajibu: Mwanangu Ameniua Mara Saba

Barua za wiki hii zinanuka baruti. Sijui ni likizo ya vyuo au ni mvua, ila watu wamejifungia ndani na ndugu zao, wameshika padi, na sasa hawasemezani. Nimechagua tatu, na swali moja fupi. Nyingine nitazijibu mkishapatana.

*

Shangazi, shikamoo. Mimi ni baba wa watoto watatu. Kijana wangu wa miaka 19 amerudi likizo, akaniambia, "Mzee, tucheze wote Helldivers 2, ni gemu ya kushirikiana." Nilifurahi, maana tangu aingie chuo tunaongea habari za ada tu. Yeye alikaa chumbani kwenye kompyuta yake, mimi sebuleni kwenye PS5, tukawa tunasikilizana kwa hedifoni. Misheni ya kwanza tu ameniua mara saba: bomu mara mbili, mzinga unaojiendesha mara moja, zilizobaki kwa bunduki. Kila mara anasema, "Samahani Mzee, ulipita mbele." Mara ya saba hakuomba hata samahani. Mdogo wake wa miaka 9 naye anataka padi. Mama yao anasema gemu hii inafundisha watoto kuua wazazi. Je, inafaa kwa familia?
Baba Marehemu, Tabata

Marahaba, Marehemu, na pole kwa misiba saba mfululizo.

Kwanza tumtoe mwanao hatiani. Helldivers 2 ni kazi ya Arrowhead, studio ya Stockholm, Sweden. Ilitoka Februari 2024, na walioitengeneza walikusudia kabisa uuawe. Mnashuka askari wasiozidi wanne, sayari imejaa wadudu wengine wakubwa kama daladala, na risasi ya mwenzako inakuingia sawasawa na ya adui. Hakuna pa kuizima kwenye mipangilio, usihangaike kutafuta. Bomu nalo linaitwa kutoka angani kwa kubonyeza mishale kwa mpangilio wake. Ni kama kutuma pesa kwa simu: ukikosea tarakimu unaanza upya, isipokuwa kwa wakala hakuna kitu kinachokutafuna mguu wakati unabonyeza. Ukimaliza unarusha kijimpira, na kinapotua ndipo bomu litakapotua. Kikigonga mwamba kikakurudia, na bomu litakurudia. Kwa hiyo kijana anaposema ulipita mbele, Baba, ulipita mbele.

Sasa swali lako. Wengi wanaoniandikia wanahofia ugumu. Mimi ugumu haunisumbui. Kusuka mkeka pia ni kazi ngumu, na bibi zetu walikaa ukumbini wakausuka pamoja huku wakisengenya. Ninachouliza mimi ni kimoja: mtu akifa, anafanya nini? Kuna gemu ukifa unakaa pembeni nusu saa ukiwatazama wenzako, kama mgeni aliyefika harusini masufuria yameshaoshwa. Hiyo usiilete nyumbani. Hapa mambo ni tofauti. Huwezi kujirudisha mwenyewe. Lazima aliye hai abonyeze juu, chini, kulia, kushoto, juu, ndipo unaposhushwa tena kutoka angani ndani ya kopo la chuma. Na roho mnazopewa ni za kapu moja, tano kwa kila mchezaji. Mlikuwa wawili, mkawa na kumi. Wewe umekula saba.

Rudia hesabu hiyo taratibu. Mara saba kijana alijikuta peke yake katikati ya wadudu, akaacha kufyatua, akahesabu mishale mitano ili baba yake arudi. Huyo huyo ambaye mnaongea naye habari za ada tu. Ile mara ya saba hakuomba samahani kwa sababu vidole vilikuwa kazini.

Kosa lake ni jingine: nina hakika alikuingiza ngazi ya saba. Gemu ina ngazi kumi, na mwenyeji anaweza kumkaribisha mgeni asiyejua hata kujaza risasi. Mwambie mwanzie ngazi ya kwanza au ya pili, na asione aibu mbele ya marafiki zake. Wewe nawe ukisikia milio nyuma yako, lala kifudifudi. Usikimbie. Wanaume wa umri wako hukimbia, tena kuelekea mbele.

Mtoto wa miaka 9, hapana. Ulaya wameiwekea alama ya 18, na si kwa urembo: viungo vinakatika na damu inaruka. Halafu kuna dhihaka ndani yake. Wale askari wanakufa huku wakipiga kelele za demokrasia, na anayesutwa ni serikali inayopeleka watoto wa watu vitani kwa kaulimbiu. Mtu mzima atacheka. Mtoto atabaki na kaulimbiu.

Na kuna jambo hukuliona kwa sababu ulikuwa umekufa. Mlicheza "pamoja" yeye chumbani, wewe sebuleni, mlango umefungwa. Helldivers ya kwanza, ya mwaka 2015, watu wanne walitosha kwenye kochi moja na televisheni moja. Hii ya pili haigawi kioo: kila mtu mashine yake na kioo chake, na wa PS5 analipia PlayStation Plus juu yake. Ongeza intaneti ya nyumba nzima na luku. Wenzako watakaotaka kuinunua ya kompyuta wakumbuke pia kisa cha Mei 2024, Sony ilipowataka wachezaji wa kompyuta wawe na akaunti ya mtandao wake. Gemu ikaondolewa kwenye duka la Steam katika nchi zaidi ya 170 ambako huduma hiyo haipo rasmi, zetu zikiwemo. Wachezaji wa dunia nzima wakaja juu, na baada ya siku chache Sony ikarudi nyuma. Basi ulizeni kwanza kama duka linakuuzieni mlipo, kabla ya kuchangishana. Hiyo PS5 yako yenyewe, ukiichungulia vizuri, huenda utakuta umeandikishwa kuwa mkazi wa Johannesburg. Sitaki kujua.

Uamuzi: gemu hii inawafaa wewe na kijana, Jumamosi usiku, ngazi ya pili. Mkeo na yule wa miaka 9 watafutiwe kitu kingine, na ndicho kilicho kwenye barua inayofuata.

*

Asalaam aleikum Shangazi. Nina wavulana wawili, miaka 11 na 8. Mjomba wao aliye Uingereza kawaletea Cuphead. Wanashinda humo, wanafyatua vidole, wanapiga kelele, na kila dakika mmoja analia. Juzi mama mkwe kapita sebuleni, kamuona shetani kwenye kioo, ana pembe, ameketi kwenye kiti cha enzi. Kachomoa waya ukutani. Sasa kasema chombo kitoke ama atoke yeye. Nyumba ni yake.
Mke wa Mwana, Mombasa

Waaleikum salaam, mwanangu. Nyumba ikiwa yake, hoja zako zianzie kwake.

Mwambie hivi. Shetani yumo, ni kweli, lakini ukamsikilize ana biashara gani. Ndugu wawili wenye vichwa vya vikombe wameingia kwenye nyumba ya kamari ya shetani, wameshinda, wameshinda, tamaa ikawapanda, wakaweka rehani roho zao kwa mrusho mmoja wa dadu. Wakashindwa. Gemu nzima iliyobaki ni hao ndugu wakitumwa kukusanya madeni ya mwenye nyumba ili wasichukuliwe. Kwa mtaa wenye vijana wanaoweka nauli zao kwenye mkeka wa mpira kila Jumamosi, sijui mama mkwe angetunga mawaidha gani makali zaidi ya hayo. Mkalishe, msimulie, kisha mpe kahawa.

Walioitengeneza nao ni ndugu, Chad na Jared Moldenhauer wa Kanada. Waliichora kwa mkono, picha baada ya picha, kwa mtindo wa katuni za miaka ya 1930, na kwa ajili yake wakaweka nyumba zao rehani. Naam, ndugu wawili wakaweka rehani mali yao kwa gemu ya ndugu wawili walioweka rehani roho. Wao walishinda, ilitoka mwaka 2017 ikauzwa kwa mamilioni. Hiyo sehemu usimsimulie mama mkwe, itaharibu mawaidha.

Ugumu? Mkubwa mno. Ni bosi baada ya bosi, na wakicheza watu wawili, mabosi wanaongezewa uhai. Marekani wameipa alama ya miaka 10 na kuendelea, kwa hiyo huyu wa miaka 8 acheze ukiwa karibu: mna sigara na pombe za katuni humo. Lakini rudi kwenye swali langu, akifa anafanya nini? Mmoja akifa, roho yake inapaa taratibu kuelekea juu ya kioo, na aliye hai ana sekunde chache za kuruka na kuipiga kofi. Akiiwahi, mwenzake anarudi na uhai mmoja. Kila akifa tena, roho inapaa kwa kasi zaidi. Sijaona gemu nyingine inayomlazimisha kaka kuacha ushindi wake akamrukie mdogo wake. Wanao wa kweli wakigombana, sikiliza wanagombania nini. Nakuhakikishia ni hivi: "Uliniona naondoka, hukuruka!"

Kilio cha namna hiyo usikizime. Zima televisheni baada ya majaribio kumi kwa bosi mmoja. Kama wewe huhesabu, mpe mama mkwe kazi ya kuhesabu. Na wasidanganywe na ile hali rahisi ya bosi. Wataitumia kujifunza, sawa, ila bosi aliyeshindwa kwa njia hiyo hatoi mkataba wa deni lake, na bila mikataba hawafiki kwa shetani.

*

Kwa msomaji wa Dodoma aliyeuliza kama aendelee na mchumba ambaye kwenye gemu ya Contra huokota silaha yenye herufi S hata kama tayari anayo: hapana.

*

Shangazi, mwaka 1996 mimi na kaka tulikuwa tunacheza Contra kwenye ile mashine ya kanda za "9999 in 1". Alikufa roho zote, akaazima zangu bila kuniuliza, akaziharibu mbili kwenye maporomoko ya maji. Tukapoteza. Hajawahi kukiri. Sasa anamwoza binti yake na nimeletewa kadi ya mchango. Nichange?
Mdogo Mtu, Tanga

Mdogo wangu, maporomoko yale nayajua. Kioo kinapanda na aliye mbele, anayebaki chini anakufa hata kama hakuguswa na mtu. Nina kaka wawili, na mimi ndiye niliyekuwa nabaki chini. Kwa hiyo sitakuambia kwamba ni mchezo tu.

Ila tuwe wakweli. Konami waliitoa Contra mwaka 1987, risasi moja unakufa, na mtu akiwa na roho tatu hafiki mbali. Ndiyo maana sote tulihifadhi ile dua: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A, ukapata roho 30. Aliyeibuni ni Kazuhisa Hashimoto, alipokuwa anahamisha gemu nyingine ya Konami, Gradius, kwenye mashine ya nyumbani mwaka 1986. Ilimshinda kuimaliza, akajiwekea njia ya mkato ili aweze kuijaribu. Kama mtengenezaji mwenyewe alizidiwa, kaka yako wa darasa la sita angefanyaje na roho tatu?

Na mkicheza wawili, kabla ya Start lazima ubonyeze Select. Nani alikuwa ameshika padi ya kwanza, ile ya kupigia dua, siku ile? Nimeisoma barua yako mara mbili na hujasema. Changa, tena changa kamili.