Dereva wa Matatu Akishika Makasia

Sisi wa Kalimoni maji yetu ni mto Ndarugu, nao tunauvuka darajani tukiwa ndani ya matatu, wengine wakisinzia. Kwa hiyo Jumapili moja shemeji yangu, dereva wa njia ya Thika tangu barabara kuu haijapanuliwa, alipoona mashua kwenye bwawa la hoteli fulani, hakutaka ushauri wa mtu. Alilipia nusu saa, akatupakia, akashika makasia.

Aliketi kidereva, uso mbele. Kijana wa mashua, mzaliwa wa Lamu, akamwambia kwa adabu, "Mzee, geuka. Mpiga makasia hugeuzia mgongo kule aendako. Nguvu ziko kwenye kuvuta." Shemeji akacheka. Aende kinyumenyume na abiria ndani? Afadhali apokonywe leseni.

Basi akawa anasukuma. Kasia moja likazama wima, la pili likapiga hewa na kutumwagia maji, nasi tukazunguka papo hapo kama mbuzi aliyefungwa kigingini. Mbele kulikuwa na matete.

"Baba Njeri, kata kushoto!" dada yangu akapiga kelele.

Shemeji akalisukuma kasia la kushoto kwa nguvu zake zote. Sasa, majini mambo ni kinyume: ukilisukuma la kushoto peke yake, omo huenda kulia. Tukaingia kwenye matete hadi shingoni. Kasia likachomoka kwenye kishwara, ile kamba inayolishika ubavuni, likaelea zake.

"Moja latosha!" kijana akaita kutoka ukingoni. "Litie nyuma, tezini, ulipepee kulia na kushoto. Litakuwa injini na usukani pamoja!"

Ni kweli kabisa, mabaharia hufanya hivyo. Lakini shemeji alipoinuka kuelekea tezini, mashua nayo ikainuka upande mmoja, na dada yangu akamkalisha kwa kumshika mkanda. Alichobaki nacho ni mluzi, ule wa kumwita makanga. Akaupiga.

Kijana akaingia majini. Maji yalimfika kiunoni. Akaliokota kasia, akaliweka begani, akatusukuma kwa mkono mmoja hadi nchi kavu, tukadaiwa nusu saa nyingine. Shemeji alikataa kulipa, eti muda wa foleni hauhesabiwi. Dada yangu akalipa.

Ukija kutembea huku na jamaa zako, lipia mashua pamoja na mpiga makasia wake. Dereva mvishe jaketi la kuokolea, umketishe katikati, mikono magotini.