Nyumba Tulivu, Kodi Juu Kidogo

Ajenti wa nyumba wa Hurlingham haanzi na bei, anaanza na vivumishi. Bei utaisikia baadaye, ukishalainika. Kwanza atakwambia mahali pale ni "quiet". Ukikunja uso, anapanda ngazi moja: "peaceful". Ukiuliza habari za maji, anakujibu "serene". Na mkifika kwenye ile nyumba ambayo kodi yake ingesomesha watoto wawili hadi chuo kikuu, anashusha sauti na kuweka mkono kifuani: "Madam, hii sasa ni tranquil."

Kamusi zitakwambia maneno hayo ni ndugu wa tumbo moja. Peter Mark Roget, yule daktari wa London aliyechapisha kitabu chake mashuhuri cha visawe mwaka 1852 akiwa na miaka zaidi ya sabini, hakuona haja ya kuyatenganisha kwa kodi. Bahati yake, hakuwahi kutafuta nyumba Nairobi. Hapa kila neno lina kelele yake, na mpangaji mkongwe akisikia kivumishi tu anajua ni kitu gani kitakachomwamsha.

"Quiet", kwa mfano, maana yake mjengo haujaanza. Kiwanja cha jirani bado kina nyumba ya zamani ya vigae vyekundu, mjakaranda mkubwa, na mzee anayemwagilia maua jioni. Usifurahi. Mzee huyo anamwagilia maua ya mwisho. "Peaceful" ni kwamba jirani kuna hema la maombi, amani inahubiriwa kila Ijumaa mpaka alfajiri, na spika zimeelekezwa kwako kwa sababu ndiwe unayeonekana kuihitaji.

"Serene" ni miti. Miti ina ndege, na ndege mwenyewe ni hadada. Asiyemjua ataona jina zuri la ndege wa kupigwa picha. Jina hilo ndiyo kelele yake, na kila kunapopambazuka hulitangaza juu ya paa kama konda wa matatu ya 46 aliyebakiza abiria mmoja gari lijae. Wazungu waliotuachia jina la Hurlingham walilitoa London, ambako kuna klabu kando ya mto Thames iliyosifika kwa mchezo wa polo. Hawakuleta farasi wa kutosha, lakini hadada walimkuta.

Kuhusu "tranquil" sina la kusema zaidi ya hili: ni nyumba ya nyuma, haitazami barabara, inatazama jenereta.

Kuna na "calm", ambalo maajenti hawaligusi. Wamewaachia wauguzi na marubani. Wanaochimba asili za maneno wanasema mzizi wake ni Kigiriki na maana yake ni joto, lile la adhuhuri linalowafanya watu waache kazi wajilaze. Nalipenda kwa ukweli wake. Watu wa pwani wana shwari, lakini muulize nahodha wa jahazi: bahari ikiwa shwari kabisa, upepo hakuna na safari hakuna. Na bara, tangu ilipoanzishwa M-Shwari, ile ya mikopo ya simu, mwaka 2012, ukitamka neno hilo mbele ya watu wazima wanaingiza mkono mfukoni kutazama simu inadai ngapi.

Mimi nilichukua "serene", kumbe ilipakana na kile kiwanja cha "quiet". Mwezi haukuisha kabla mzee wa maua hajahama, mjakaranda ukalala chini, na mabati ya kijani yakazunguka kiwanja. Hadada walihamia kwenye balkoni yangu, wakawa wanalalamika karibu zaidi.

Mchana wa mjengo unazoeleka. Kinachovunja mtu ni usiku wa slabu. Lori za konkriti husubiri giza, kwa maana mchana barabara ya Argwings Kodhek haipitiki, na slabu ikianzwa haiachwi katikati, itashika ufa. Kwa hiyo unalala, halafu pampu inaanza kunguruma, chuma kinagonga chuma, na mtu mmoja ambaye hajawahi kunong'ona tangu azaliwe anamwelekeza dereva anayerudi nyuma: "Kuja! Kuja! Kuja! Simama!"

Nikaisoma sheria. Kanuni za kelele za mwaka 2009, chini ya sheria ya mazingira, zinapendeza kwa usahihi wake. Usiku unaanza saa mbili na dakika moja. (Nani aliyeipigania ile dakika moja?) Mchana kila eneo lina kiwango chake: palipotengwa kwa ukimya, kama hospitalini, desibeli 40, nje ya nyumba za makazi 50, penye biashara 60. Lakini usiku sheria inatupa vivumishi vyote. Kote ni 35, tajiri kwa maskini, serene kwa tranquil.

Nikapakua programu ya kupima sauti kwenye simu. Kabla ya kufungua dirisha, nikapima jikoni. Friji yangu ilisoma 38. Kisheria, nilikuwa nimemhifadhi mhalifu.

Nikajifunga leso, nikavaa kandambili, nikashuka hadi kwenye lango la mabati. Msimamizi alikuja na heshima zote, kofia ya plastiki mkononi.

"Pole sana mama. Tunamaliza saa hii."

"Saa hii ni saa sita usiku."

"Hiyo hiyo."

Nyuma yake, kwenye mabati, taa kubwa ilimulika picha ya mwanamke aliyekaa balkoni na kikombe cha chai, macho amefumba kwa raha. Chini yake, kwa herufi za dhahabu: "Tranquil living". Msimamizi akaona ninakotazama, akajawa na fahari.

"Ikiisha hapa patakuwa quiet sana. Tunaweka vioo viwili viwili madirishani, hata honi hutasikia."

"Na mimi je?"

Akaitazama nyumba yangu, akatazama ile picha, akapiga hesabu. "Wewe mama uko upande ule mwingine."

Sikuwa na jibu, nikarudi. Nikiwa kwenye ngazi stima ikapotea. Pampu ikaendelea, ina injini yake, lakini sekunde chache baadaye nayo ikakohoa ikanyamaza, na mtaa mzima ukazimika. Nilimsikia mpangaji wa juu akikoroma. Nilisikia lori likipanda Valley Road, mbali kule. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo haukuchelewa: jenereta ya wale wa tranquil ilinguruma kwanza, zikafuata nyingine zote, na yule wa "Kuja! Kuja!" akaanza tena alipoishia.

Kwa hiyo ewe unayetafuta nyumba Hurlingham, usiende kuitazama Jumapili saa nne asubuhi na ajenti. Nenda Ijumaa saa tano usiku, peke yako, na umuulize soja wa lango la jirani. Yeye hana asilimia kwenye kodi yako. Atakwambia ni mjengo gani unaanza, ni lini, na ni ghorofa ngapi.