Choo Kimepata Cheo

Mnamo Agosti 1994 Ufaransa ilitunga Sheria ya Toubon kukizuia Kiingereza kisijipenyeze kwenye ofisi na matangazo yake. Sheria hiyo haikufika Kayna. Hapa mashariki mwa Kongo, kwenye barabara ya Butembo kwenda Goma, kijana wa shirika la misaada aliyechapwa shuleni akijifunza Kifaransa anaanza siku kwa brifingi na stafu, anashinda kwenye monitoringi, na jioni anatuma fidibaki kwenye klasta. Mtawala wetu alikuwa Mbelgiji, ila mfadhili anasoma ripoti kwa lugha nyingine.

Klasta, yaani kundi la mashirika yanayoshughulikia kazi ya aina moja, tuliletewa na Umoja wa Mataifa, ulipopanga upya misaada yake mwaka 2005. Mimi lakini nimevutiwa na klasta ya WASH, yaani maji, vyoo na usafi kwa pamoja. Mama aliyekimbia vita Kanyabayonga mwaka 2024 hachimbiwi choo, bwana. Ananufaika na WASH. Ukienda kutazama, shimo ni lilelile, turubai lilelile, nzi walewale. Kilichoongezeka ni kibao chenye nembo.

Si kwamba Kiingereza chenyewe ni kosa. Wafanyabiashara wa Butembo wanaopita mpaka wa Kasindi kwenda Kampala wana Kiingereza chao cha keshi na kontena, nacho hakikuhitaji semina wala posho ya usafiri.

Basi, wakubwa wa klasta, kwenye ripoti andikeni mpendavyo. Kibaoni tu, tafadhali, andikeni CHOO. Aliyebanwa na tumbo hana muda wa kutafuta mkalimani.