Sifa za Taa ya Manjano

Watu husifu mlima Rungwe, husifu chai, husifu ndizi. Mimi nasimama kuisifu taa ya manjano yenye umbo la pampu inayowaka kwenye dashibodi mafuta yakikaribia kuisha. Sijasikia aliyeitungia hata ubeti mmoja.

Kwanza, inatia adabu. Dereva aliyeyapita malori ya Malawi kwenye kona jana, leo taa ikiwaka anaendesha kama kabeba mayai. Hakanyagi, hapigi honi, na kila mzee wa kando ya barabara anasalimiwa.

Kisha inafundisha watu kupenda nchi yao. Wape lifti watu wanne pale Kiwira, watapiga soga njia nzima. Taa iwake, ukate kona kuingia sheli, wote wanageukia mashamba ya chai kana kwamba wamefika leo kutoka ng'ambo. Mmoja anakumbuka ujumbe ambao hajausoma. "Ya ngapi, mzee?" anauliza mhudumu. Nawe unasafisha koo na kusema "ya elfu kumi", kwa sauti ya mtu ambaye angejaza tenki ila ana haraka. Lita ikiwa kwenye shilingi 3,000 hivi, hizo ni lita tatu na ushee. Taa inazimika kwa heshima, kesho inarudi kazini.

Bila taa hii nani angejua kwamba EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi? Nawajua wanaume wanaoikumbuka Jumatano hiyo kuliko siku ya ndoa yao.

Lakini utamu wake hasa uko milimani. Mafuta yakibaki kidogo, gari langu likipanda yanakimbilia upande mmoja wa tenki, boya linalala, taa inawaka, likishuka, inazimika. Kutoka Kyela hadi Tukuyu unapanda karibu mita 1,000, na njiani vishuko navyo vipo. Nimekata tamaa na kufarijika mara nane katika safari moja, bila kuongeza hata tone. Waendesha bodaboda, maskini, hawana faraja hiyo: wanafungua kifuniko, wanatikisa pikipiki, wanasikiliza. Ikizima, mwenzao anawasukuma kwa mguu.

Shemeji yangu ndiye muumini mkuu wa taa hii. Huazima gari langu la kwenda msibani likiwa na nusu tenki, hulirudisha taa ikiwaka na mkungu wa ndizi kwenye buti. "Ndaga fijo, asante sana, shemeji!" Utamdai vipi mafuta mtu aliyekuletea mkungu? Mke wangu yuko mlangoni, anaupokea kwa mikono miwili.

Jana jioni alipiga hodi tena. Anataka kwenda Kyela alfajiri. Nimempa funguo kwa moyo mweupe, wala sikusema neno juu ya mafuta. Kwenda ni kuteremka, taa haitamsumbua.