Nywila ya Mazembe

Nywila ya seva ina wapenzi wawili: mwenyewe, anayetaka iwe rahisi kukumbuka, na mwizi, anayeomba iwe hivyo hivyo. Katika ukumbi wa intaneti mjini Lubumbashi huongezeka wa tatu, naye ni kibodi.

Mfano ni Mazembe1939. Haisahauliki, kwa kuwa TP Mazembe, klabu ya soka ya mji huo, ilianzishwa mwaka 1939. Kwa sababu hiyo hiyo, mtoto yeyote wa mtaa wa Kamalondo anaweza kuibahatisha. Tatizo la kwanza, hata hivyo, si mwizi. Mara nyingine vibonye vimechorwa kwa mpangilio wa Kifaransa, AZERTY, huku kompyuta ikidhani iko Marekani. Mteja anabonyeza herufi anazoziona, kompyuta inapokea :qwe;be!(#(. Nywila dhaifu imekuwa imara kweli kweli, hata mwenyewe haimfungulii.

SSH, njia ya kawaida ya kuingia kwenye seva, haionyeshi hata nyota moja nywila inapoandikwa. Akishakataliwa mara tatu, mteja huamua kuijaribu kwenye nafasi ya jina la mtumiaji, angalau aone anachoandika. Anakiona. Anayengoja zamu nyuma yake anakiona pia: “Papa, M yako imekuwa nukta mbili.” Akirekebisha mpangilio, akaiandika sawasawa, kisha kidole kikateleza kwenye Enter, seva huandika daftarini kwamba mtu aitwaye Mazembe1939 alibisha hodi na hajulikani.

Hapo umeme hukatika. Ukirudi, kivinjari hujitolea kurudisha kurasa zote zilizokuwa wazi, kwa yeyote aliyewahi kiti.

Tatu Ylönen wa Finland aliiandika SSH mwaka 1995, baada ya nywila kunaswa kwenye mtandao wa chuo kikuu chake. Kazi ya SSH ni kuficha kinachopita njiani. Kinachobonyezwa mezani hakiihusu. Siri ya mtungi aijuaye kata: programu ya kunasa vibonye huipata nywila kabla haijafichwa, iwe ya herufi 11 au 40. Kubeba ufunguo wa SSH kwenye flashi hakuponyi. Flashi ikichomekwa hunakilika, na neno la kuufungulia ufunguo huandikwa kwa kibodi ile ile.

Inayofaa mahali kama hapo ni nywila inayokufa ikishatumika. Leslie Lamport alieleza mbinu ya namna hiyo mwaka 1981. Siku hizi simu hutoa tarakimu 6 zinazobadilika kila sekunde 30, na anayezinasa huambulia namba iliyochacha. Zinalinda mlango tu: asiyefunga kikao kabla ya kuinuka amemwachia anayemfuata nyumba nzima.

Tena simu yenye chaji ya kutoa tarakimu ina chaji ya kuendesha SSH yenyewe. Kompyuta ya ukumbi itabaki na kazi inayoiweza: kuangalia matokeo ya Mazembe, yasiyohitaji nywila.