Susu ya Bibi na Kamba ya Mjomba

Katika vyombo vyote vinavyotundikwa, vinavyofunikwa na vinavyofichwa ndani ya nyumba za pwani yetu, sijaona kilichotwishwa nyadhifa nyingi kwa ujira mdogo kama susu. Kwani chombo hiki, ambacho umbo lake si zaidi ya ukili ulioshonwa ukafungwa kamba nne na kuning'inizwa kwenye boriti, humpokea mtoto mchanga akiwa wa siku chache, humbembeza mpaka aweze kukaa, na mtoto akishashuka na kuanza kutambaa huku na huko akila udongo, susu yenyewe haipewi mapumziko, bali huhamishiwa jikoni na kubebeshwa mikate, chumvi, samaki wa kukaanga na kila kitu ambacho panya, paka, sisimizi na wajukuu hawatakiwi kukifikia. Wako watu wenye susu mbili, moja ya mwana na moja ya vyombo, na hao ndio matajiri. Nyumbani kwa Bibi, Pangani, susu ilikuwa moja, na sisi wajukuu kwa zamu tulilala pale pale alipolala papa mkavu kabla yetu na baada yetu, wala simkumbuki mmoja wetu aliyelalamika, ingawa papa hatukumwuliza.

Bibi aliiamini susu kuliko alivyoamini kufuli. Humo aliweka stakabadhi za kodi, funguo za sanduku, barua za jamaa, na fedha zote za nyumba, ikawa noti zinazotoka kwetu zilijulikana mtaa mzima hata kwa aliyefumba macho, na mwenye duka wa jirani alikuwa akizipokea kwa ncha za vidole viwili na kuziweka peke yake. Panya walipozidi, Bibi alitoboa vifuu vya nazi akavipitisha katika kila kamba, ubapa wa mgongo ukitazama juu, ili panya ashukaye kutoka boritini ateleze aanguke. Hikima hiyo ilikuwa sahihi kwa kila kipimo cha hesabu, na panya wa kwanza kuijaribu aliteleza kama alivyokusudiwa, akaangukia ndani ya susu, katikati ya mikate ya kumimina, mahali ambapo kwa miguu yake mwenyewe pengine asingefika.

Lakini masaibu makubwa ya susu ile hayakuletwa na panya. Yaliletwa na elimu ya Mjomba. Mjomba alikuwa karani katika shamba moja la mkonge nje ya mji, na kama ilivyo ada ya mtu anayelipwa mshahara na mmea, aliutukuza mmea huo mchana na usiku. Hapakuwa na mgeni aliyekunywa kahawa kwetu akaondoka bila kusimuliwa jinsi Dk. Richard Hindorf, Mjerumani, alivyoagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, jinsi ilivyovushwa bahari mpaka Hamburg na kutoka Hamburg ikaletwa pwani yetu mwaka 1893, na jinsi ilivyoonekana, mizigo ilipofunguliwa, kwamba miche 62 tu ndiyo iliyosalia hai, nayo ikapandwa karibu na Pangani hii hii, ikawa chanzo cha utajiri wote ule wa mashamba ambao jina la Tanga limefahamika kwao ulimwenguni.

“Sitini na mbili katika elfu?” Bibi alimwuliza. “Mwanangu, mimi makumbi yangu sijapata kupoteza hata moja.”

Naye alikuwa na haki ya kusema, kwani kamba za susu yake zilikuwa za makumbi, yale yanayozikwa katika tope la pwani miezi na miezi mpaka yaoze, kisha yakafukuliwa, yakapondwa, yakasokotwa kwa viganja. Na kamba ya namna hiyo, pamoja na kuwasha mikono ya anayeigusa, ina subira, hunyumbuka kidogo ikielemewa na hurejea ilipokuwa. Mjomba alizihesabu kamba hizo kuwa ushamba. Siku moja, Bibi akiwa arusini, alizikata zote nne akatia za mkonge, nyeupe na zenye kung'aa, tena akazisifu kwamba hazitanyumbuka hata akilala humo mtu mzima, jambo ambalo hakuna aliyekuwa na nia ya kulijaribu.

Mkonge haukunyumbuka, kweli. Ila kamba ya mkonge ikinywa unyevu huvimba, na ikivimba hufupika, na habari hii, ambayo kila baharia anaijua, haikuwa imefika katika ofisi ya shamba. Masika yalipoingia susu ilianza kupanda. Ilipanda kwa heshima, bila haraka, hata ikawa Bibi hawezi kuufikia mkate wake ila kwa kusimama juu ya kinu kilichopinduliwa, akimtaja Mjerumani yule kwa maneno ambayo sitayaandika. Na jua la kaskazi liliporudi ikashuka tena, ikampokea Mjomba mwenyewe, ambaye ni mrefu, kwa ukingo wa sufuria katikati ya kipaji.

Masika yaliyofuata yalikuwa ya mafuriko. Jiko la uani lilivuja, na Bibi akaihamishia susu ukumbini, akaitundika kwenye boriti ya mkoko juu ya jamvi la wageni, kwa kuwa ukumbi wetu, kama kumbi zote zilizojengwa kwa boriti, upana wake uliamuliwa na urefu wa miti ya mikoko wala si na idadi ya wageni, na mahali pengine pa kutundika hapakuwapo. Ndipo, katika juma hilo hilo, ulipokuja ujumbe wa kumposa Mama Mdogo.

Mshenga alikuwa mzee mwenye kanzu ya darizi, kofia ya viua, na ufasaha ambao watu walikuwa wakiukodi kutoka mji hata mji. Aliketi mahali pa taadhima, chini ya susu barabara, akaanza na hamdu, akapitia nasaba ya muoaji akimtaja babu baada ya babu, na alipokuwa bado hajakaribia mada, tundu dogo la msumari katika mabati lilianza kupitisha maji, si juu ya jamvi, la, bali juu ya kamba moja peke yake katika zile nne. Kamba hiyo ikalowa, ikafupika. Tatu zilikuwa kavu. Susu ikainama upande, na bakuli la asali tuliyoletewa kutoka Handeni likainama pamoja nayo.

Asali haina haraka. Tuliiona ikitokeza ukingoni, ikirefuka, ikining'inia, ikifikiri, kisha ikatua juu ya kofia ya viua pasipo sauti. Na kwa kuwa adabu haimruhusu mtoto kumkatiza mzee anayetaja wahenga, wala mwenye nyumba kukiri kwamba dari yake inamdondokea mgeni, tulinyamaza sote, wakubwa kwa wadogo, ilhali tone la pili lilifuata la kwanza na la tatu likafuata la pili. Mshenga alidhani ni mvua. Alisogea kwa staha shubiri moja, bila kukata maneno, na susu, ambayo ilikuwa ikiyumba kwa upepo wa mlangoni, ikamfuata. Asali ilipofika kwenye paji la uso wake aliifuta kwa kidole, akakitazama kidole, akakiramba.

Mtu mwingine angetaharuki. Yeye alinyamaza kitambo, akainua mikono, akatangaza kwamba katika umri wake wote wa kuposea watu hajapata kuona ishara ya kheri iliyo wazi kama hii, na kwamba nyumba inayonyesha asali haiwezi, kwa jaha yake, kujishusha mpaka kuhangaikia kiwango cha mahari. Mjomba, aliyekuwa amejiandaa kushindana kwa usiku kucha, hakuwa na la kujibu. Mahari yalikubaliwa kwa nusu ya alichokusudia. Mshenga alikwenda zake akisindikizwa na dua zetu na, kwa habari tulizozipata kesho yake, na sisimizi.

Bibi aliziondoa kamba za mkonge usiku ule ule akarudisha za makumbi. Ndoa ikafungwa, na Mama Mdogo, kwa kudra ya Mwenyezi Mungu, akajifungua mapema kuliko vitu vya mtoto vilivyoandaliwa, hata ikabidi susu iitwe kutoka jikoni siku hiyo hiyo kuja kushika kazi yake ya kwanza. Waliiosha kwa maji ya moto, wakaisugua kwa ndimu, wakaifukiza udi na ubani. Papa akabaki pale pale. Paka wa nyumba, aliyeitamani susu ile tangu alipofumbua macho yake, sasa aliikuta imeshuka mpaka kimo anachoweza kukiruka, na kila alfajiri alikutwa amelala miguuni pa mtoto, amekata tamaa lakini hakukata pendo. Wanawake waliokuja kumtazama mwana waliinama, wakasema mashaallah, wakaacha kuinama. Mwishowe Bibi alimfunga mtoto mvuje mkononi kuwa kinga ya kijicho na pepo, na tangu hapo kila aliyekunja pua alijibiwa kwamba ni mvuje.

Ulikuwa mwaka 1959, mwaka ambao Bibi Mary Leakey aliokota huko Olduvai fuvu ambalo wataalamu walikuja kulikadiria umri wa miaka 1,750,000, na Mjomba, aliyesoma magazeti kwa sauti ili tufaidike, alitufahamisha kwamba wanadamu wote, Wazungu wakiwamo, walilelewa katika susu moja, nayo i hapa Tanganyika. Bibi alifikiri sana. Akauliza ni nani aliyezifunga kamba zake.

Siku ya saba ikawa akika. Mjomba, aliyekuwa amezihifadhi zile kamba za mkonge chini ya kitanda kwa ajili ya heshima yake, alizitoa akamfungia mbuzi uani, na waliporudi na visu walikuta kipande cha kamba mtini na mbuzi hayupo. Alikamatwa kivukoni, miongoni mwa abiria wanaongoja kuvushwa kwenda Bweni. Mjomba aliichunguza ncha ya kamba, kisha akaizungusha kwa wageni mmoja mmoja waione: haikukatika, wala haikufumuka, bali ilitafunwa, na maadamu mbuzi huyo, aliyefungwa kando ya lundo zima la makumbi, ameyaacha makumbi kwa hiari yake akala mkonge, basi Bibi, alisema, ajibu hoja.