Chenso ya Baba

Mgunga uliliangukia jiko la Ayo Desemba 2023, siku zilezile ambazo tope la Mlima Hanang lilishuka Katesh likazika watu na nyumba. Huku kwetu Yaeda Chini, Mungu alitusitiri. Ardhi ya bonde ilikuwa imelowa hadi mizizi ikakosa pa kushika, na kabla ya alfajiri tukasikia kishindo kimoja, kisha kelele za mbuzi. Kulipopambazuka tukaona shina limelala juu ya paa la jiko, matawi yameziba mlango wa zizi, na mafiga ya Ayo yako chini ya mti ambao watu wawili wasingeweza kuukumbatia.

Ayo ni mama yetu. Sisi Wairaqw ndivyo tunavyoita. Alihamia chini ya turubai uani, mvua ikimzimia moto mara mbili kabla ugali haujaiva. Mimi na mdogo wangu tuliushambulia mti kwa mashoka. Mgunga mbichi hauna huruma: shoka linaruka na kurudi, mikono inawaka. Siku ya nne tulikuwa tumemaliza matawi, shina halijaguswa. Ndipo nilipoitaja chenso.

Ilikuwa chini ya kitanda cha Baba, ndani ya gunia, tangu nikiwa darasa la sita. Ni msumeno wa mnyororo wa Kijerumani wa siku nyingi, injini ya sentimita za ujazo 106, uzito zaidi ya kilo kumi kabla hujafunga baa. Baba aliupasulia mikaratusi na misaiprasi huko juu, Daudi na Dongobesh, zaidi ya miaka ishirini. Haukuwa na mipira ya kupunguza mtetemo kama ya siku hizi, na wakati ule hakuna aliyemwambia mpasua mbao azibe masikio. Sasa Baba hasikii. Ngurumo na sauti nzito humfikia kidogo. Sauti za watoto na za ndege zimempotea kabisa. Akipanda Mbulu mwezi wa saba, kwenye baridi, vidole vyake hufa ganzi na kuwa vyeupe kama vimepakwa chokaa.

"Hiyo ilishakula masikio ya mume wangu," Ayo alisema. "Sasa unataka ile na ya mwanangu?"

Sikumjibu, maana alisema kweli. Nikaenda ofisi ya kijiji kuomba barua ya kibali.

Katika bonde hili mlio wa chenso haumhusu mtu na nyumba yake tu. Wahadzabe, waliokuwa hapa kabla yetu sote, walipata hati ya kimila ya ardhi yao mwaka 2011, na majirani zetu wa Mongo wa Mono na Domanga wanapokea fedha za kaboni kwa sababu miti yao bado imesimama. Fedha hizo zinasaidia matibabu na masomo, na zinawalipa vijana wanaolinda msitu. Nimewahi kumwona mzee wa Kihadzabe akipanda mbuyu kufuata asali, anapigilia vigingi kwenye gome kimoja baada ya kingine, anapanda juu yake kama ngazi. Mbuyu ule una umri mkubwa kuliko ukoo wangu wote. Nikifikiria mnyororo wa chuma kwenye shina lile, tumbo linanikaza. Kwa hiyo niliisubiri barua bila kunung'unika, nayo ikaandikwa: mti mmoja, ulioanguka wenyewe, uani kwa mwombaji.

Tulipolifungua gunia, mpira wa petroli ulivunjikia mkononi kama mkate mkavu. Kamba ya kuwashia ilikuwa imeoza, kabureta imeganda, pistoni imekwaruzika. Baba alivuta kigoda. Vidole vyake haviwezi tena kushika boliti ndogo, basi akawa ananionyesha kwa ncha ya fimbo: hapa, kisha hapa, usilazimishe. Kwa majuma mawili nilikuwa mikono yake, na sikumbuki muda mwingine niliowahi kukaa karibu naye kiasi kile.

Vipuri tuliviokota kote. Haydom kulikuwa na muuza mbao mwenye chenso ya aina ileile, bodi yake imepasuka. Akatuachia kwa majogoo wawili, nasi tukapata humo kabureta, springi ya kuwashia, spoketi na pistoni nzuri kuliko yetu. Kutoka Mang'ola, kwa wakulima wa vitunguu, zilikuja oili sili mbili za pampu ya maji iliyokufa. Hizo ndizo zilizonitia hofu zaidi, kwa kuwa sili ya krenki ikivuja, injini hunyonya hewa ya ziada, mchanganyiko unakuwa mkavu na pistoni inaungua. Tulizipima kwa bua la mtama, kipenyo cha ndani na cha nje, zikaingia kama zilizoagizwa. Mpira wa petroli ulitoka kwenye pikipiki ya mdogo wangu. Kwa ngozi ya kabureta nilijaribu kukata kipande cha tyubu ya baiskeli. Asubuhi nikakikuta kimevimba na kujikunja, petroli imekila. Tukarudia ngozi kavu iliyokuja na kabureta ya Haydom, tukailainisha kwa oili, ikakubali.

Plagi ya pampu Baba aliikataa. Ilizunguka vizuri kwenye nyuzi zake, nikafurahi, lakini yeye akaomba njiti ya kiberiti, akapima shingo ya plagi ya zamani, akapima na hii. Hii ilikuwa ndefu karibu mara mbili. "Itagonga pistoni!" akasema, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. Tuliisugua ya zamani kwa msasa, ikatoa cheche.

Halafu ikaja siku ya klipu. Pini ya pistoni hushikiliwa na klipu mbili za waya, kila moja ndogo kama hereni ya mtoto, nazo zina nguvu ya panzi. Ya pili ilinichomoka kwenye koleo, ikaruka. Ayo alikuwa hatua tatu kutoka nilipokuwa, anachekecha unga wa mahindi. Wote tuliganda. Klipu ikiingia kwenye ugali itavunja jino la mtu au itamkaba mtoto. Ikikosekana kwenye injini, pini itatembea na kuichana silinda. Mke wangu akauondoa unga wote chini ya turubai, debe zima, tukauchekecha kwa ungo na chekeche mpaka taa ya sola ikafifia. Watoto walilala na maziwa. Hakuna aliyenilaumu, na kimya kile kilinielemea kuliko lawama.

Usiku Ayo akabisha mlango wangu. Alikuwa amekunjua khanga alale, klipu ikadondoka kutoka kwenye pindo. Akaniwekea kiganjani na kuvifumba vidole vyangu juu yake. "Chukua kitu chako," akasema.

Injini ile huhitaji oili iliyochanganywa ndani ya petroli yenyewe, maana haina njia nyingine ya kulainishwa: sehemu moja ya oili kwa sehemu 25 za petroli, yaani mililita 200 kwa lita tano. Nilichanganya kwenye dumu la njano, nikaliweka nyuma ya mlango. Usiku huohuo mdogo wangu aliamshwa: mjamzito wa jirani amezidiwa, apelekwe Haydom. Tangi lake lilikuwa tupu. Akalimimina dumu lote kwenye pikipiki, akaondoka kwenye tope. Kesho yake, kwa uungwana wake, akanunua petroli ya chupa, akalijaza dumu tena na kulirudisha palepale.

Mimi sikujua. Jioni ile nikajaza tangi bila kuangalia rangi. Mvuto wa sita injini ikaunguruma, na moyo wangu ukapanda nayo. Dakika chache baadaye vijana wawili walinzi wa msitu wakafika wakikimbia, jasho linawatoka. Nikazima, nikawapa barua, wakaisoma yote, wakauzunguka mti kuhakikisha mizizi imeng'oka yenyewe. Walifanya kazi yao sawasawa, nikawaheshimu. Nikawasha tena, nikauzamisha mnyororo kwenye shina.

Baba alikuwa ameketi upande wa pili, ncha ya fimbo imekanyaga shina, kidevu juu ya kishikio. Hivyo ndivyo anavyosikia: mtetemo hupanda kwenye mti, kwenye fimbo, hadi kwenye mfupa wa taya. Mlio ukaanza kulegea, kama mbebaji anayeishiwa pumzi mlimani. Baba akainua mkono. Nilikuwa nimeinamia baa, sikumwona. Injini ikakwama ghafla, kamba haikuvutika tena.

Tulipofungua ekzosi na kuchungulia, pistoni ilikuwa na michirizi kama iliyokwanguliwa na kucha. Nikanusa dumu, nikaelewa. Mdogo wangu akakaa chini, kofia yake ya pikipiki mapajani, hawezi kusema. Nami nilikuwa na maneno makali mdomoni.

Ayo akatangulia. "Yule mama na mtoto wako wapi?"

"Wazima, Ayo. Wa kike."

"Basi mashine itatengenezwa."

Dawa ilitoka kwa mke wangu. Kikundi chao cha akina mama hupika sabuni, na kostiki soda inayochemsha sabuni huiyeyusha alumini lakini haiumizi kromu iliyopakwa ndani ya silinda. Alivaa glavu zake, akachovya kijiti chenye pamba, akapaka penye alama tu, pole pole, maana ikimwagika nje hula silinda yenyewe. Alumini ya pistoni ikatoka povu la kijivu, akaosha, akarudia. Mara ya nne ukuta ukang'aa. Tulirudisha pistoni ya zamani ya Baba, tukaisawazisha kwa msasa, na ringi mpya alizokuwa amezifunga kwenye gazeti miaka yote hiyo bila kumwambia mtu. Klipu niliziweka chini ya kitambaa, mkono wa mke wangu umekinga.

Dumu la mchanganyiko sasa limefungwa kitambaa chekundu shingoni. Ayo analiweka chini ya kitanda chake mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata, kabla sijavuta kamba, aliniita. Alinishika kichwa, akanijaza pamba masikio yote mawili kwa kidole chake, akasukuma mpaka nikasikia mapigo yangu tu. Akanifunga kitambaa juu yake, mafundo mawili. Kisha injini ikashika, na vipande vikaanza kuanguka, kimoja, kingine, mpaka mafiga yakaonekana, mawili mazima na moja limevunjika.

Nilipogeuka kupumua, Baba alikuwa na kidevu juu ya fimbo, macho ameyafumba. Ayo alikuwa ameketi kando yake juu ya gogo la kwanza, na kiganja chake kimeishika fimbo hiyohiyo, chini kidogo ya kidevu cha Baba.